Alhamisi 2,571 za Bi Dimbwi

Ndugu, majirani, walimu na wanafunzi wa zamani mliofika kumsindikiza, hiki ndicho kisa cha maisha yake kwa kifupi. Tarehe zilizomo humu zimetoka kwenye madaftari ya marehemu mwenyewe. Pale ambapo kumbukumbu za ndugu zilipishana na daftari, tumefuata daftari. Yeye angefanya hivyo hivyo, na asingetuomba radhi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, ambako baba yake alikuwa fundi. Mama yake alikuwa mshonaji. Alikuwa mtoto wa nne kati ya tisa, na kazi aliyopewa tangu akiwa na miaka sita ilikuwa kuhesabu wenzake kabla mlango haujafungwa jioni. Jioni moja alihesabu kumi, na yeye mwenyewe akiwemo. Akarudia, wakawa kumi tena. Baba akamwambia hajui hesabu, akalale. Hakulala. Alipita akigusa kichwa kimoja kimoja mpaka akamkuta mtoto wa jirani, ameshakula, ameshanawa, amejifunika shuka la watu na anakoroma. Mama alicheka mpaka akaegemea cherehani. Tangu siku hiyo hakuna aliyebishana naye nyumbani juu ya idadi ya kitu chochote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha sekondari ya wasichana kuanzia 1968 hadi 1971, alipomaliza kidato cha nne. Hakuendelea zaidi, kwa kuwa mama alianza kuumwa macho na cherehani ilihitaji mtu. Alishona sare za shule kwa miaka mitatu. Wateja walimsifu kwa jambo moja: vifungo vyake vilikuwa na umbali uleule kutoka juu hadi chini, hata kwenye shati la mtoto wa darasa la kwanza ambaye angeving'oa wiki hiyo hiyo.

Jumatatu, tarehe 3 Februari 1975, aliajiriwa katika ile ile sekondari aliyosoma, kama mtunza maabara ya biolojia. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha sita, meza zilizochomwa na dawa, na mlango wa nyuma uliofunguka kwenye kichaka. Nyuma ya kichaka palikuwa na dimbwi. Mwalimu wa biolojia wa wakati ule, mzee mpole aliyefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea, alimpeleka huko siku ya nne ya kazi, Alhamisi, akampa karai jeupe, wavu ulioshonwa kwa pazia, rula ndefu ya mbao na daftari jipya.

"Kuna vigingi vitano," alimwambia. "Kwenye kila kigingi chota mara kumi. Unachokipata kihesabu, kiandike, kirudishe. Pima na kimo cha maji. Alhamisi ijayo fanya tena."

"Mpaka lini, mwalimu?"

"Mpaka uchoke."

Hakuchoka. Mwalimu yule ndiye aliyemfundisha jambo ambalo marehemu aliwafundisha wasichana wa shule ile kwa miaka thelathini na minane, ingawa hakuwa mwalimu. Alisema kila kiumbe kimepewa debe moja tu la unga wa maisha. Wapo wanaolipika lote kwa siku moja: chura hutaga mayai elfu mbili, akaondoka bila hata kugeuka nyuma, na kati ya hao elfu mbili wakipona wawili, basi mambo yake yamenyooka. Wapo wanaopika kidogo kidogo: perege jike huyaficha mayai yake mdomoni, hali chakula siku nyingi, na watoto wakishaanguliwa hukimbilia mdomoni mwake wakiona kivuli. Yeye hana elfu mbili. Anao wachache, lakini anawalea. Hakuna mwerevu wala mjinga kati yao. Debe ni lile lile, mapishi ndiyo tofauti. Wasichana wakiuliza ipi ni njia bora, marehemu alijibu, "Mwulize chura na perege. Wote wako humu humu, na wote wameshiba."

Aliliona dimbwi kama nyumba ya wapangaji. Alijua nani anaishi chumba cha chini kwenye tope, nani anaishi kwenye shina la tete, nani anakula makombo ya nani. Mwaka 1983 mtunza bustani wa shule aling'oa matete yote ili pawe safi, kwa kuwa kulikuwa na wageni. Daftari linaonyesha watoto wa kereng'ende, wale wanaoishi majini kabla ya kuota mabawa, wakishuka kutoka arobaini na mmoja hadi sita kwa wiki tatu. Wiki ya tano mabweni mazima yalikuwa yanajikuna kwa mbu. Marehemu alimwendea mtunza bustani na daftari.

"Kaka, umewafukuza walinzi."

"Walinzi gani? Mimi nimeng'oa majani."

"Walinzi walikuwa wamepanga kwenye majani. Wao ndio waliokuwa wanakula watoto wa mbu."

Mtunza bustani aliyarudisha matete kwa mkono wake mwenyewe, shina moja moja, na ndiye aliyempa jina la Bi Dimbwi. Alilitoa kwa hasira. Likapendwa na shule nzima, likamkaa mpaka leo.

Sasa tufike mwaka 1991, mwaka ambao marehemu aliuita mwaka wa aibu na neema.

Mji ulikuwa unakua na shule ilihitaji bweni jipya. Kamati ya ardhi ya mji ikapanga kulifukia dimbwi na kujenga hapo. Mkuu wa shule, mama mmoja mchangamfu aliyelipenda lile dimbwi, aliandika barua ya kulitetea. Hoja yake kubwa ilitoka kwenye madaftari ya marehemu. Kwa miaka kumi na sita marehemu alikuwa ameandika habari za konokono mdogo wa kahawia, mwenye ukubwa wa punje ya mahindi, aliyetokea kwa mamia kila baada ya mvua na kupotea baada ya miezi miwili. Alimhesabu kama aina yake peke yake, mmoja wa wale wanaopika debe lote kwa siku moja: huzaliwa wengi, huishi kidogo, hufa. Mkuu wa shule akaandika kwamba konokono huyo hajulikani kuonekana mahali pengine. Kamati ikajibu: leteni tumwone. Kikao kikapangwa Ijumaa, tarehe 19 Julai.

Marehemu alichukua konokono kumi na mmoja mwezi Machi, akawaweka kwenye beseni la kioo dirishani, na maji na magugu ya dimbwi. Alijua watakufa mwezi Mei, akatayarisha kabisa chupa ya kuwahifadhia. Mei ikapita. Hawakufa. Juni wakawa wakubwa kama zabibu. Mwanzoni mwa Julai wakaanza kuota mistari mgongoni, ile ile ya konokono wakubwa wa kwenye tope ambao marehemu alikuwa akiwaandika kwenye ukurasa mwingine, kama ukoo mwingine, miaka yote hiyo.

Katika daftari, Jumatano tarehe 17 Julai, ameandika: "Nimekosea miaka kumi na sita. Wadogo wa kahawia ni watoto wa wakubwa. Hawafi baada ya miezi miwili. Wanakua na kuhamia kwenye kina, na mimi nawakuta huko nawaita jina lingine."

Alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule na beseni mikononi.

"Mkuu, konokono hawajafa."

"Si vizuri? Kamati itawaona wakiwa hai."

"Ndiyo shida yenyewe. Wanakua." Akaeleza yote.

Mkuu wa shule alivua miwani, akaivaa tena. "Bi Dimbwi, kikao ni keshokutwa. Huwezi kunyamaza mpaka kipite?"

"Mimi naweza. Hawa hawawezi. Kila siku wanaongeza unene."

Jioni hiyo alipita kwa mdogo wake wa kike anayemfuata, aliyekuwa na watoto saba na wa nane yuko njiani. Mdogo mtu alimwambia waziwazi, "Dada, usijichongee. Ukisema, dimbwi linafukiwa na wewe unarudi kwenye vifungo. Nani atakayejua?"

"Mimi nitajua. Nitakuwa nahesabu uongo kila Alhamisi."

"Basi hesabu vyura peke yao!"

Ndugu waliokuwepo wanasema hakula kitu siku hizo mbili. Alijua anachokibeba: akinyamaza, dimbwi huenda likapona kwa maneno ambayo si ya kweli, akisema, huenda likafukiwa, pamoja na kazi ya miaka kumi na sita na kila kilichoishi humo.

Alisema. Alisimama mbele ya watu tisa wa kamati na beseni lake, akaeleza kosa tangu mwanzo, bila kumtaja mwalimu wake wa zamani wala mkuu wa shule. Kamati ilicheka sana. Mwenyekiti alifuta machozi kwa leso.

"Kwa hiyo mama, huyo konokono wa pekee hayupo?"

"Hayupo. Wapo watoto na mama zao."

"Sasa unataka tuzuie bweni la wasichana kwa ajili ya watoto wa konokono?"

"Mimi sikuja kuzuia. Nimekuja kusahihisha."

Mwisho wa meza alikaa mpima ardhi wa mji, mtu mrefu. Akauliza, "Katika madaftari hayo umeandika pia kimo cha maji?"

"Kila Alhamisi."

"Naomba niyaone."

Aliyasoma pale pale, kikao kizima kikimsubiri. Kisha akawaambia wenzake kwamba hata katika mwaka mkavu kuliko yote, kimo hakikuwahi kushuka chini ya sentimita arobaini na nne. Maji yale hayakuwa ya mvua tu, yalitoka chini ya ardhi. Bweni likijengwa hapo litapasuka kabla wasichana hawajahamia. Mwenyekiti akauliza atazitegemeaje namba za mtu ambaye ametoka kukiri kosa la miaka kumi na sita. Mpima ardhi akasema, "Huyu amekuja kujishitaki mwenyewe kwa sababu ya konokono. Sentimita zake mimi nazichukua."

Bweni lilijengwa upande wa juu, karibu na jiko, na bado limesimama. Dimbwi likaachwa kwa sharti moja: kila mwezi Julai shule ipeleke kwa kamati nakala ya hesabu na vimo vya mwaka mzima. Mwaka ambao nakala haitafika, suala litafunguliwa upya. Sharti hilo lilimfurahisha marehemu kuliko sifa zote alizowahi kupewa.

Mpima ardhi aliomba ruhusa ya kuja kuhakiki kimo kwa macho yake. Alikuja Alhamisi nane mfululizo. Daftari linaonyesha kuwa kimo kilihakikiwa Alhamisi ya kwanza, kwa dakika tano. Zile saba zilizobaki alikuwa anapima kitu kingine.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 25 Aprili 1992. Marehemu alikuwa na miaka thelathini na tisa, na wapo waliokuwa wameshakata tamaa kwa niaba yake. Yeye mwenyewe alisema ni wa ukoo wa taratibu. Alhamisi iliyofuata harusi, tarehe 30 Aprili, daftari lina maneno mawili tu: "Sikuja. Nilisahau." Mume wake aliufungua ukurasa huo kila alipotaka kumtania, na kila mara marehemu alimpokonya daftari akicheka.

Binti yao alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1993. Daftari: "Sikuja. Nimejifungua. Wa kike, kilo 3.2. Kelele nyingi." Siku hiyo mume alikwenda dimbwini badala yake na akaandika kwa herufi kubwa, "Kimo 88. Vyura wengi." Mzazi wa siku moja aliinuka kitandani nusu. "Wengi ni namba gani?" Namba haikupatikana, na Alhamisi ile ikabaki tupu.

Hakupata mtoto mwingine. Mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa ameshafikisha wanane, hakumwachia nafasi.

"Dada, mmoja tu? Hata konokono wako wanakushinda."

"Konokono hawajui majina ya watoto wao. Wewe mwenyewe ukitaka kumwita mmoja unaanza na watano."

Ilikuwa kweli. Mdogo mtu alikuwa akiita majina manne ya watoto na moja la mbwa kabla ya kumpata aliyekuwa akimtaka. Lakini nyumba hizo mbili zililea kwa pamoja. Watoto wanane walikula kwa mama mkubwa kila Jumapili, na binti pekee alikuwa na ndugu wa kugombana nao kama mtoto yeyote.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2013. Kustaafu kulikuwa kwa maabara, si kwa dimbwi. Tangu tarehe 6 Februari 1975 hadi tarehe 13 Juni 2024 zilipita Alhamisi 2,576. Alikosa tano: mbili ni hizo tulizozitaja, moja ni ya mazishi ya mama yake, na mbili ni za homa. Zilizobaki zote, 2,571, alikuwa kwenye kigoda chake kando ya kigingi cha kwanza, karai mapajani. Nakala ya Julai haikuchelewa hata mwaka mmoja.

Mwezi Machi 2022 madaktari waligundua kuwa moyo wake umepanuka. Daktari alimwambia apunguze kutembea. Akamuuliza, "Nipunguze hatua ngapi?" Daktari, ambaye hakuwa amezoea swali hilo, akasema labda nusu. Marehemu akahesabu hatua za kutoka nyumbani hadi dimbwini, akakuta 1,140, akanunua baiskeli ya magurudumu matatu. Aliiendesha kwa miaka miwili. Wanafunzi walipoisikia kengele yake walisimama kando ya njia na kumpisha kama gari la mgeni rasmi.

Katikati ya Juni mwaka huu alilazwa. Hapo ndipo hofu yake kubwa ilipojitokeza, nayo haikuwa ya kifo. Binti anafanya kazi mji wa mbali. Macho ya mume hayatofautishi tena kiluwiluwi na jani. Shule ilikuwa na mtunza maabara mpya, aliyekuwa masomoni mpaka mwakani. Alhamisi zikianza kukatika, nakala ya Julai ingetoka na mapengo, na mwaka unaofuata isingetoka kabisa. Alimwambia mume wake wodini, "Nililiokoa mara moja kwa kosa langu. Sasa nitalipoteza kwa kitanda."

Mdogo wake alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda akimenya chungwa. Ni mtu ambaye maishani hakuwahi kugusa konokono, na aliyewahi kupanda juu ya kiti kwa ajili ya chura. Akaweka kisu chini. "Hilo karai liko wapi?"

Alhamisi tarehe 20 Juni alikwenda, amevaa glavu za kuoshea vyombo zinazofika kwenye kiwiko. Alichota mara hamsini, akapiga kelele mara kama thelathini, akaandika. Jioni akaleta daftari wodini kukaguliwa, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kusikiliza, kama walivyofanya kila Alhamisi baada ya hapo.

"Kereng'ende?"

"Nane."

"Wazima au watoto?"

"Dada, hawakunionyesha vyeti vya kuzaliwa."

"Wenye mabawa ni wazima. Walio majini ni watoto. Rudi."

"Nirudi lini?"

"Kesho asubuhi. Lakini uandike Ijumaa, usije ukanidanganyia tarehe."

Akarudi kesho yake. Wiki ya nne aliacha glavu. Wiki ya saba alimwambia dada yake kwamba perege mmoja wa kigingi cha tatu ana watoto mdomoni na hajala kitu siku kadhaa, na aliisema habari hiyo kwa uchungu, kama anayemsemea jirani. Marehemu akamwambia mume wake, "Huyu sasa ameingia." Nakala ya mwaka ilipelekwa tarehe 29 Julai, kamili, ikiwa na mwandiko wa watu wawili.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024, mume na binti walikuwa kando yake. Asubuhi hiyo alikunywa uji nusu kikombe na kuuliza ni siku gani. Binti akamwambia ni Jumatatu. "Aa," akasema, "bado siku tatu." Akafumba macho kupumzika, na saa nne na dakika ishirini akafariki dunia kwa utulivu.

Msiba ulipokuwa umejaa watu juzi Alhamisi, mdogo wake aliaga jikoni, akavaa viatu vya mpira, akaondoka. Mtu mmoja alimuuliza anakwenda wapi siku kama ile. Akajibu, "Kazini." Shule imemwomba aendelee, na amekubali. Hesabu yake ya tarehe 12 Septemba, ambayo ameomba isomwe hapa mbele ya dada yake ili ikaguliwe, ni hii: kimo cha maji, sentimita 61. Vyura 31. Perege 9, mmoja ana watoto. Kereng'ende wenye mabawa 12, wa majini 17. Konokono wakubwa 22. Konokono wadogo 140, watoto wao.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, ndugu watano wa tumbo moja, watoto wanane wa mdogo wake ambao aliwahesabu kama wake, na wasichana wa madarasa thelathini na manane wanaojua kwamba debe ni moja na mapishi ni mengi.

Alale kwa amani, mama yetu, dada yetu, shangazi yetu. Alhamisi zipo mikononi mwa watu.